Ukihojiwa kuhusu magenge: haki zako na mipaka ya usiri

Malalamiko yanayotufikia kwenye kamati ya maadili ya utafiti kutoka maeneo yaliyopitia vita yanaongezeka, na mengi yanafanana. Mtafiti alikuja, akauliza nani hutoza pesa barabarani usiku, akaondoka, watu wakabaki na hofu. Wengine wanalalamika kwamba walihojiwa na msaada haukuja. Hili la pili tumelieleza mara nyingi mno: mtafiti si mgawaji wa msaada, wala si askari.

Anauliza kwa sababu bunduki zikinyamaza haina maana kwamba amani imefika. Mwaka 2012 magenge makubwa ya El Salvador yalipopatana, mauaji yalipungua sana, lakini wenye maduka na madereva wa mabasi waliendelea kutozwa fedha kwa vitisho. Hesabu ya maiti haionyeshi jambo hilo. Anayelipa ndiye anayelijua.

Kabla ya kuanza, mtafiti huwasilisha kwetu maswali yake, namna atakavyoficha majina, mahali atakapohifadhi sauti na nani atazisikiliza. Kibali huwa na namba na tarehe ya mwisho. Akibadilisha hata swali moja, anarudi kuomba upya. Ridhaa yako ya kuhojiwa inaweza kuwa ya mdomo, kwa kuwa karatasi yenye sahihi yako ikiokotwa na mtu asiyefaa ni hatari kwako. Anayekiuka husimamishwa, huzuiwa kutumia data aliyokusanya, na mwajiri wake huarifiwa.

Usiri, hata hivyo, una mipaka. Chuo cha Boston nchini Marekani kiliwarekodi waliokuwa wapiganaji wa Ireland Kaskazini kwa ahadi kwamba kanda zao zingefichwa hadi wafe. Mwaka 2011 zikadaiwa kwa amri za kisheria, na baadhi ziliishia mikononi mwa polisi. Ahadi ya mtafiti haiwezi kuishinda mahakama.

Kwa hiyo eleza mambo yanavyoendeshwa: malipo hukusanywaje, asiyelipa hufanywa nini. Usitaje jina la mtu, lako wala la jirani. Una haki ya kuomba kinasa sauti kizimwe, kuruka swali, au kuondoka katikati ya mazungumzo bila kutoa sababu.

Ukilalamika, andika namba ya kibali na tarehe ya mahojiano. Ndugu au mzee wa mtaa anaweza kukuwakilisha. Malalamiko yasiyo na namba tunayapokea pia, ila huchukua muda mrefu zaidi. Ya msaada, tafadhali, yapelekeni kwa wanaogawa msaada.