Boila ni ya mwenye nyumba, bili ni yako

Dada mmoja aliniletea bili yake ya gesi ya mwaka 2025, hapa Hamburg. "Kaka, hita ya chumba cha watoto nimeizima baridi yote, na bado nimeletewa hii. Nakosea wapi?" Nikaipitia yote. Hakuwa amekosea popote.

Tangu Januari 2021, Ujerumani inatoza kila tani ya hewa ya ukaa itokanayo na gesi na mafuta ya kupasha nyumba joto. Ilianza na yuro 25 kwa tani. Mwaka 2024 ikafika 45, na 2025 ikawa 55. Anayeilipa serikalini ni muuzaji, naye huiongeza kwenye bei ya mteja. Kwa kiwango cha 2025, kila kilowati-saa ya gesi imebeba takriban senti 1 ya kaboni, na kila lita ya mafuta takriban senti 15, kabla ya VAT.

Naiunga mkono bei hii, kwa sababu gesi ikibaki rahisi hakuna atakayehangaika kuiacha. Ila mpangaji hachagui boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto. Hawezi kubadilisha madirisha wala kuziba ukuta unaovujisha joto. Mwenye uwezo huo ni mwenye nyumba, na kwa miaka miwili ya kwanza gharama yote ya kaboni iliweza kumwangukia mpangaji peke yake. Hilo lilikuwa kosa, na nilishuhudia watu wakikaa na makoti sebuleni.

Januari 2023 ikaja sheria ya kugawana gharama hiyo, yenye ngazi 10. Nyumba ikitoa chini ya kilo 12 za hewa ya ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, mpangaji analipa yote. Ikifika kilo 52 au zaidi, mwenye nyumba anabeba asilimia 95.

Turudi kwa dada. Nyumba yake ina mita za mraba 60 na alitumia kilowati-saa 15,000. Bili yenyewe, kwa maandishi madogo ukurasa wa tatu, ilitaja kilo 2,730 za hewa ya ukaa. Gawanya kwa 60, unapata kilo 45.5. Ngazi hiyo mwenye nyumba anabeba asilimia 70. Gharama ya kaboni pamoja na VAT ilikuwa karibu yuro 179, kwa hiyo 125 zilikuwa za kurudishiwa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza. Kama jengo lina boila moja la wote, mwenye nyumba anapaswa kukata sehemu yake mwenyewe kwenye hesabu ya mwaka. Asipofanya hivyo, unaruhusiwa kupunguza asilimia 3 ya gharama yako ya joto. Lakini kama boila liko ndani mwako na mkataba wa gesi una jina lako, kama la dada, hakuna atakayekukatia. Ni lazima udai mwenyewe, kwa maandishi, ndani ya miezi 12 tangu muuzaji akuletee bili.

Barua tuliiandika palepale, na nakala ya bili tukaiambatisha. Kisha akatoa mkobani bili ya mwaka uliotangulia, nayo haikuwahi kudaiwa. Tukaangalia tarehe: miezi 14 ilikuwa imeshapita.