Maana ya kinga ya cheche katika vipuri vya umeme vya boti

Kinga ya cheche ni sifa ya kifaa cha umeme kilichoundwa ili cheche inayotokea ndani yake isiwashe mvuke wa mafuta uliokizunguka. Sifa hiyo ndiyo inayotenganisha stata (mota ya kuwashia injini) ya boti na stata ya gari, hata pale zinapolingana umbo na meno na kufungwa kwa bolti zilezile.

Chanzo cha tofauti ni mahali injini inapokaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Chini ya gari pako wazi, hivyo mvuke huanguka na kupeperushwa. Katika boti yenye injini ya ndani hauna pa kutokea, bali hutuama ngamani, chini kabisa ya chombo. Hewa ya humo ikishakuwa na mvuke wa petroli kiasi cha asilimia moja na nusu tu, cheche moja yatosha kuilipua, na cheche hazikosekani: kaboni za stata, vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, huzitoa kila injini inapowashwa, na swichi huzitoa kila inapozimwa.

Wengi hudhani kwamba kifaa chenye kinga hakitoi cheche. Hutoa. Ukiigeuza altaneta ya boti, yaani mashine inayochaji betri, utaona matundu yake ya hewa yamefunikwa kwa wavu laini wa waya. Mvuke unaweza kuingia na hata kuwaka humo ndani, lakini mwali unapojipenyeza kwenye wavu hupoozwa na chuma ukazimika kabla haujatoka, kanuni ileile ya taa ya wachimba makaa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815. Fundi anayeondoa wavu ili altaneta ipate hewa zaidi ameirudisha kuwa ya gari, ingawa itachaji vizuri tu.

Kinga hii isichanganywe na uwezo wa kuzuia maji. Alama ya IP67 hueleza vumbi na maji, haisemi lolote kuhusu mlipuko. Ya kutafuta ni alama ya viwango vya kinga ya cheche, SAE J1171 au ISO 8846, na iwe kwenye kifaa chenyewe. Picha ya nanga kwenye boksi si ushahidi.

Mvuke wa dizeli hauwaki kirahisi katika joto la kawaida, kwa hiyo injini zake hupewa masharti mepesi zaidi, isipokuwa pale chumba hichohicho kinapohifadhi jenereta ya petroli au mtungi wa gesi ya kupikia, ambayo nayo ni nzito kuliko hewa.