Damu Haipandi

"Damu haipandi, daktari." Hapa Kigoma nayasikia maneno hayo karibu kila wiki, na mara nyingi chanzo hupatikana: malaria, safura, selimundu, hedhi nzito, au vidonge vya chuma vilivyoshushiwa na chai. (Chai ya rangi huzuia chuma kufyonzwa. Nikisema hivyo, watu wa Ujiji hunitazama kama nimewatukana.)

Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameshapimwa yote hayo. Shangazi yake alimleta na mfuko wa karatasi tupu za vidonge. Tangu utotoni damu yake ilikuwa 7 au 8, chembe nyekundu ndogo ndogo. Feritini, yaani akiba ya chuma, haikuwa chini, na hakuwa na homa wala uvimbe wa kuipandisha. Ila chuma kilichobebwa na transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, kilikuwa kidogo mno. Hapo nikaacha kumshuku kwamba anatupa dawa.

Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini. Huyu ni bawabu: akizidi ukali, chuma hakipiti utumboni wala hakitoki ghalani. Jeni ya TMPRSS6 ndiyo humtuliza. Mtoto akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, bawabu haondoki mlangoni hata mwili ukilia njaa. Ndiyo maana huuliza, kwa adabu, kama wazazi ni ndugu, na kama kuna mdogo wake mwenye damu kama hiyo.

Kuna pia bawabu aliyelala, jeni za HJV au HAMP zikiharibika. Chuma humiminika na kutuama kwenye ini, moyo na kongosho. Kabla ya miaka 30 kijana anachoka, hedhi inakatika au ubalehe hauji, sukari inapanda, moyo unashindwa. Transferini ikijaa zaidi ya asilimia 45 nashtuka. Kwa hawa aghalabu hupita 80. Kwanza lakini niulize ameongezewa damu mara ngapi, maana kila chupa huacha miligramu 200 hadi 250 za chuma. Tiba ya mwenye bawabu aliyelala ni kumtoa damu mara kwa mara. Kumpa vidonge vya chuma kwa sababu tu anachoka ni kumdhuru.

Binti yule tulimpa chuma cha mshipani. Damu ikafika 9 na nusu, ikagoma. Kipimo cha jeni hatukukipata, hivyo faili lake bado linasema "inashukiwa". Vidonge tulivisimamisha. Shangazi akauliza kama sasa anaruhusiwa chai.

Nikamwambia anywe.