Shingo nyeusi ya mtoto sio uchafu, tuongee kuhusu unene wa watoto wetu

Mama alimleta mwanae wa miaka 10 kwa ajili ya kikohozi tu. Wakati mtoto anapimwa nikaona shingo yake kwa nyuma imekuwa nyeusi, ngozi imekuwa nene halafu ina mistari mistari, na kabla sijauliza mama akawahi, "Dokta hapo nimesugua na dodoki, nimesugua mpaka na jiwe, haitoki, sijui huwa anacheza wapi huyu." Mtoto akainamisha kichwa. Alikuwa ameshasuguliwa mpaka pamechubuka.

Mimi ni afisa lishe na hilo jambo naliona sana siku hizi, ndo maana nataka wazazi tuelewane vizuri. Ule weusi wa shingoni na kwapani kwa mtoto mnene mara nyingi sio uchafu. Mwili ukijaza mafuta mengi hasa tumboni unaanza kuwa sugu kwa insulini, yaani ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, basi kongosho inalazimika kutoa nyingi zaidi na zaidi, na hiyo insulini iliyozidi inaifanya ngozi ya sehemu hizo iwe nene na nyeusi. Kwa hiyo ngozi inakwambia mapema kabla kisukari hakijaingia. Zamani kisukari aina ya 2 tulikuwa tunakiita cha watu wazima, sasa hivi kinawapata mpaka watoto wa shule. Ongeza presha, mafuta kwenye ini, magoti kuuma, mtoto anakoroma usiku kucha halafu darasani anasinzia mwalimu anadhani mvivu. Na wenzake wanamwita bonge kutwa nzima, hilo nalo linaumiza jamani msilichukulie poa.

Kinachotuponza ni kwamba kwetu mtoto akinenepa ndo anaonekana katunzwa, akikonda mama yake anasemwa mtaa mzima. Naelewa hofu hiyo imetoka wapi, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 Tanzania ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa. Ila unene nao ni utapiamlo, na aliyedumaa akiwa mdogo anaweza kabisa kuwa mnene baadae akianza kula vyakula vya sukari na mafuta mengi. Shirika la afya duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 walikuwa na uzito uliozidi.

Sasa chukua soda au juisi ya boksi hapo nyumbani, geuza usome nyuma. Ikiandika sukari gramu 10 kwa kila mililita 100 na chupa ni mililita 350, hizo ni gramu 35, gawa kwa 4 kwa kuwa kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, unapata karibu vijiko 9 vya chai. Mtoto wa miaka 7 mwenye kuhitaji kama kalori 1,500 kwa siku, sukari ya kuongezwa haitakiwi kuvuka kama gramu 37, na ikiwa nusu yake ndo bora zaidi. Yani chupa moja imemaliza siku nzima, na bado hajanywa chai ya asubuhi, hajala keki ya kwenye lunch box, hajapewa ile hela ya kununua aiskrimu na chipsi getini.

Na hiyo nguvu haina pa kwenda. Anachukuliwa na skuli basi mlangoni, anarudishwa mlangoni, tuisheni, homework, simu, kulala saa 5 usiku. Kiwanja tulichochezea sisi kimejengwa fremu za maduka. Mtoto wa shule anatakiwa walau dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka kamba, rede, mpira, chochote cha kumtoa jasho, na wa miaka 5 hadi 13 alale kwa muda wa masaa 9 mpaka 11 kila siku.

Kinga inaanza mapema, maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo na uji usiwekwe sukari. Kwa ambaye ameshanenepa naomba sana msimnyime chakula wala kumpa chai za kupunguza tumbo. Mtoto bado anarefuka, mara nyingi tunachotaka ni uzito usimame pale pale huku urefu ukiupita. Na msimpe diet yeye peke yake wakati baba anashushia chipsi mayai na soda mezani, nyumba nzima ibadilike, maji yawe ndo kinywaji, chungwa aling'ate zima badala ya juisi, mboga na maharage viongezeke kwenye sahani, ugali na wali vipungue kidogo.

Wachache wananenepa kwa ugonjwa wa homoni au dawa kama prednisolone, hao msiwakatishe dawa wenyewe, mrudi kwa daktari. Wengine wote mleteni apimwe uzito na urefu, na kama shingo imekuwa nyeusi tupime na sukari. Kadi ya kliniki ukiwa bado unayo njoo nayo hata kama imechakaa, tunataka kuona ule mstari wa uzito ulianza kupanda lini. Na dodoki liache, hiyo ngozi uzito ukikaa sawa weusi wake huwa unapungua taratibu.