Je, chaguo lenye kura nyingi ndilo wengi wanalolitaka?

Wengi huamini kwamba kundi dogo likipiga kura, chaguo linaloongoza ndilo wengi wanalolitaka. Machaguo yakiwa mawili tu, ni kweli. Yakifika matatu, mambo hubadilika.

Chukua watu 9 wanaotafuta siku ya kukutana. Wanne wanapenda Ijumaa, kisha Jumamosi, mwisho Jumapili. Watatu wanaanza na Jumapili, kisha Jumamosi, mwisho Ijumaa. Wawili waliobaki wanataka Jumamosi, ikikosekana Jumapili, na Ijumaa mwisho kabisa.

Kila mtu akinyoosha mkono mara moja, Ijumaa inashinda kwa kura 4, ingawa watu 5 wameiweka mkiani. Kura ikirudiwa kati ya siku mbili za juu, Jumapili inaipiku Ijumaa 5 kwa 4. Siku zikishindanishwa mbili mbili, Jumamosi, iliyoambulia mikono miwili tu, inaishinda Ijumaa 5 kwa 4 na Jumapili 6 kwa 3. Hakuna aliyebadili mawazo. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu, jambo ambalo wanahisabati wamelijua tangu karne ya 18.

Ndiyo maana huniuma mtu anaponyamazishwa kwa “wengi wameshaamua”, kumbe hakuulizwa chaguo lake la pili.

Ukitaka kuhakikisha, waombe wenzako waandike machaguo yote kwa mpangilio kwenye karatasi, kisha hesabuni kwa njia hizo tatu. Mara nyingi mshindi atakuwa yuleyule. Asipokuwa yeye, mna jambo la kuzungumza, na ni vyema njia itakayotumika ikubaliwe kabla karatasi hazijafunguliwa.