Rosa Parks alikamatwa zaidi ya mara moja

Msimu wa maonyesho ya maarifa ya jamii ukifika kwenye sekondari za huku Marekani, walimu wa historia huitwa kuwa majaji. Kwenye meza za haki za kiraia, mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, watu weusi waliposusia mabasi yaliyowabagua, haukosi. Mimi huanza na maelezo ya chini ya picha. Mengine yote nasoma baadaye.

Picha ya Rosa Parks, mwanamke mweusi ambaye kukamatwa kwake ndani ya basi kuliwasha mgomo huo, ameshika kibao cha namba 7053 ndiyo inayopendwa zaidi, na chini yake huandikwa kwamba hapo amekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu, 1 Desemba 1955. Si kweli. Ilipigwa Februari 1956, mgomo umepamba moto, wakati sheria ya 1921 ya kuzuia ususiaji wa biashara ilipofufuliwa na watu zaidi ya 80 wakashtakiwa kwa mpigo, Martin Luther King Jr. akiwemo. Ile anayochukuliwa alama za vidole nayo ni ya kipindi hicho hicho.

Utasema ni tarehe tu. Lakini tarehe ikibadilika, shtaka nalo linabadilika. Desemba alikuwa abiria aliyekataa kuinuka. Februari alikuwa mmoja wa watuhumiwa wa kuuendesha mgomo. Mwanafunzi akiliona hilo, lazima aulize mgomo uliendeshwa vipi, na hapo kazi inaanza kunoga. Atamkuta Jo Ann Robinson, mhadhiri wa chuo, aliyemwandikia Meya Gayle tangu Mei 1954 kumwonya kuwa watu wangesusia mabasi. Parks alipokamatwa, Robinson alikesha kwenye mashine ya kurudufu (waliochapa mitihani kwa stensili wanaijua adha yake) akitoa maelfu kwa maelfu ya vipeperushi. Atamkuta pia Georgia Gilmore, mpishi, aliyeuza chakula na keki na wenzake ili magari ya kubebea watu yapate petroli. Siku 381 za mgomo hazijiendeshi zenyewe.

Kisha nauliza: kesi iliyoondoa ubaguzi mabasini ilikuwa ya nani? Wengi hujibu bila kusita, “Rosa Parks.” Hapana. Kesi yake ilikuwa ya jinai, kwenye mahakama za Alabama. Iliyomaliza mchezo ni Browder dhidi ya Gayle, meya yule yule, na Parks hakuwa miongoni mwa walalamikaji. Claudette Colvin alikuwemo, binti aliyekamatwa kwa kosa la aina hiyo Machi 1955 akiwa na miaka 15, yaani rika la hao hao ninaowahoji. Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha ushindi wao 13 Novemba 1956.

Kuna na ile picha ya Parks ameketi dirishani, Mzungu nyuma yake. Wengi humdhania kuwa ndiye aliyetaka kiti. Alikuwa mwandishi wa habari, na picha ilipangwa 21 Desemba 1956, siku mabasi yalipoanza kuchanganya abiria. Mwanafunzi akiandika chini yake “picha ya kupangwa”, hapo hapo namwongezea maksi.