Je, wajua kwa nini zabibu iliyopotea Ufaransa ilikutwa Chile ikiitwa kwa jina la mwenzake?

Tarehe 24 Novemba 1994, Mfaransa mmoja anayeitwa Jean-Michel Boursiquot alikuwa akitembea kati ya mistari ya mizabibu katika shamba la kampuni ya Viña Carmen, bonde la Maipo, kusini kidogo ya Santiago, mji mkuu wa Chile. Kazi yake ilikuwa kutambua aina za mizabibu kwa kuitazama. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wataalamu, na wageni wakatembezwa mashambani. Novemba kule ni majira ya kuchipua, mizabibu ilikuwa imechanua. Wenyeji walikuwa na hakika kwamba mistari ile ni ya Merlot, zabibu nyekundu maarufu iliyotoka Bordeaux, eneo la mvinyo huko Ufaransa.

Ua la mzabibu ni dogo mno, la kijani hafifu, wengi wetu tungelipita bila kujua kwamba ni ua. Boursiquot aliliangalia kwa karibu akaona kwamba stameni zake, vile vijiti vyembamba vinavyobeba chavua, vimepinda. Za Merlot hunyooka. Akawaambia wenyeji wake kwamba hiyo haikuwa Merlot hata kidogo. Ilikuwa Carmenère, zabibu ambayo Wafaransa wenyewe walikuwa wameihesabu kuwa imetoweka kwa zaidi ya miaka 100.

Nchi nzima ilikuwa imeivuna, imeikamua, imeitia kwenye chupa na kuiuza ng'ambo chini ya jina lisilo lake. Hilo liliwezekanaje?

Anza na jinsi mzabibu unavyopandwa. Ukipanda mbegu ya zabibu, mmea utakaoota hautafanana na mama yake. Huenda ukatoa tunda chachu, au usizae kabisa. Kwa hiyo mkulima hukata kijiti kutoka mzabibu anaoupenda, akakichomeka ardhini kikatoa mizizi, kama tunavyopanda muhogo. Mkulima wa Dodoma anaijua kazi hiyo vizuri. Maana yake ni kwamba Carmenère iliyopo Chile leo si mjukuu wala kitukuu wa ile ya Bordeaux. Ni ile ile, imeendelea kuishi kijiti kwa kijiti.

Sasa vichukue vijiti hivyo wakati wa baridi, mzabibu umelala, hauna jani wala ua wala tunda. Vifunge mafungu mafungu, vipakie melini. Nani atakwambia hiki ni Merlot na hiki ni Carmenère? Tena mvinyo wa Bordeaux tangu zamani hutengenezwa kwa kuchanganya aina kadhaa, na mashambani aina hizo zilipandwa bega kwa bega. Aliyeagiza vijiti kutoka huko alipokea mchanganyiko, hata kama fungu liliandikwa jina moja.

Walioagiza walikuwa matajiri wa Chile, wengi wao wakiwa wamepata fedha kwa migodi na mashamba makubwa, waliotembelea Ufaransa wakarudi na hamu ya kuwa na mvinyo kama wa kule. Anayetajwa zaidi ni Silvestre Ochagavía, aliyeleta mizabibu ya Kifaransa mwaka 1851: Cabernet Sauvignon, Malbec, Merlot na mingineyo. Carmenère iliingia katika msafara huo wa karne ya 19 bila mtu kuigonga muhuri.

Uzito wote wa kisa hiki umo katika mwaka huo. Miaka 12 tu baadaye, 1863, mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu inayoonekana. Mwaka 1868 mwanasayansi Jules-Émile Planchon na wenzake walichimba mizizi wakamkuta mhalifu: mdudu mdogo wa rangi ya njano, wa jamii ya karibu na vidukari, anayeitwa filoksera. Alikuwa amesafiri na miche kutoka Amerika ya Kaskazini. Filoksera hufyonza mizizi, na pale alipotoboa huingia ukungu na bakteria, mzizi ukaoza. Mizabibu ya Marekani ilikuwa imeishi naye kwa maelfu ya miaka ikajifunza kuziba majeraha yake. Mzabibu wa Ulaya haukuwa na kinga yoyote.

Wafaransa walihangaika. Walifurika mashamba kwa maji, wakapiga sindano za kemikali udongoni, na serikali ikaahidi zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayeleta tiba. Tiba haikupatikana. Kilichopatikana ni ujanja: kuchukua shina la mzabibu wa Kimarekani, lenye mizizi inayomvumilia mdudu, na kulibebesha kikonyo cha mzabibu wa Kifaransa, kama tunavyobebesha miembe na michungwa. Karibu mizabibu yote ya Ulaya leo imesimama juu ya mizizi ya Kimarekani.

Lakini kubebesha shamba zima ni gharama, na mkulima aliyefilisika hapandi upya kila kitu. Huchagua. Carmenère ilikuwa na kasoro zake. Huchelewa kuiva, na Bordeaux mvua za vuli huwahi. Hali ya hewa ikiwa baridi na yenye unyevu wakati wa kuchanua, maua hupukutika bila kufunga tunda, na kishada kinabaki na punje za kuhesabu. Merlot iliwahi kuiva na ilizaa kwa uhakika zaidi. Wakulima wakapanda Merlot na Cabernet, Carmenère wakaiacha ife. Simlaumu yeyote kwa hilo. Mtu mwenye deni hapandi mzabibu wa kubahatisha.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, vile vijiti vya Ochagavía na wenzake vilikuwa vikizaa kwa raha. Chile ni nchi iliyonyooka kama utepe, urefu wa kilomita 4,300 hivi. Mashariki imezibwa na milima ya Andes, magharibi na bahari ya Pasifiki, kaskazini na jangwa la Atacama, moja kati ya sehemu kavu kabisa duniani, na kusini na barafu za Patagonia. Filoksera hajawahi kujijenga humo. Wachile nao wanalinda bahati yao kwa ukali: ukishuka uwanja wa ndege na tunda ulilolisahau mkobani bila kulitaja kwenye fomu, utapigwa faini. Kwa sababu hiyo, hadi leo mizabibu mingi ya Chile husimama juu ya mizizi yake yenyewe, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hulitazama kwa wivu.

Tena tabia ya nchi iliifaa Carmenère kuliko nyumbani kwake. Katika mabonde ya kati, kiangazi hupita karibu bila tone la mvua na vuli huwa kavu na ndefu. Maji ya kumwagilia hutoka theluji ya Andes inayoyeyuka. Mchana jua ni kali, usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani. Zabibu inayochelewa kuiva ilipewa kitu ambacho Bordeaux haikuweza kuipa, nacho ni muda.

Kwa nini basi ilidhaniwa ni Merlot? Majani yanakaribiana, vishada vinakaribiana, na mtu aliyeambiwa na babu yake kwamba shamba hili ni la Merlot hana sababu ya kubisha. Ila mimi naona si haki kusema hakuna aliyeona tofauti. Wakulima waliiona. Walijua kuna mizabibu shambani ambayo hubaki na zabibu mbichi wiki 3 hivi baada ya mingine kuiva. Walijua kwamba majani machanga ya Merlot yana vinyweleo vyeupe, ilhali ya ile nyingine yanaelekea wekundu. Waliipa hata majina: "Merlot ya Chile", au "Merlot Peumal" kwa ile ya upande wa Peumo, katika bonde la Cachapoal. Walichokosa ni jina la asili tu. Hata kabla ya Boursiquot, Mfaransa mwingine, Claude Valat, alikuwa tayari ametilia shaka kwamba Merlot ya Chile ni Merlot kweli.

Jina lina maana kwa sababu linaamua siku ya kuvuna. Dodoma, ambako mzabibu haulali kwa baridi, mkulima anaweza kuvuna mara 2 kwa mwaka. Chile ni mara 1, ukikosea umekosea hadi mwaka ujao. Kwa miaka yote ile, shamba lililochanganyika lilivunwa kwa saa ya Merlot. Zabibu za Merlot ziliingia kiwandani zimeiva. Za Carmenère ziliingia zikiwa bado na kitu kinachoitwa pirazini, kemikali ile ile inayoipa pilipili hoho harufu yake. Mvinyo ukanukia hoho ya kijani iliyokatwa sasa hivi. Wanywaji wa nje walidhani ndiyo ladha ya Merlot ya Chile. Na ukingoja hadi Carmenère iive, Merlot hupitwa na wakati ikaharibika, unapoteza upande mwingine.

Baada ya 1994 wenye mashamba walianza kutenganisha. Haikupokelewa kwa furaha na kila mtu, maana Merlot ya Chile ilikuwa ikiuzika vizuri na hakuna mnunuzi aliyewahi kusikia habari za Carmenère. Viña Carmen wenyewe, kwa kuwa jina hilo halikuwa kwenye orodha rasmi ya nchi, walianza kuiuza kwa jina lake la zamani la Bordeaux, Grande Vidure. Vipimo vya vinasaba vikathibitisha alichokiona Boursiquot kwenye ua, na mwaka 1998 serikali ya Chile ikaitambua rasmi.

Ikishajulikana, ikatunzwa inavyotaka. Huachwa mzabibuni hadi mwishoni mwa Aprili, wakati mwingine hadi Mei. Majani yanayofunika vishada huondolewa ili jua lipenye na kuivunja pirazini, maji hupunguzwa. Hapo unapata mvinyo mweusi karibu na zambarau, wenye harufu ya matunda meusi, pilipili manga, na kakao kidogo, na ukakasi laini usiokamata ulimi kama Cabernet. Harufu ya hoho haiishi yote, na mimi nadhani isiishe. Ndiyo alama yake. Ya Peumo na ya Apalta, katika bonde la Colchagua, ndiyo inayosifiwa zaidi. Leo Chile ina hekta takriban 10,000 za zabibu hii. Bordeaux, ambako bado inaruhusiwa kisheria, zimebaki hekta chache tu.

Wala Chile haikuwa peke yake katika kukosea. Kaskazini mwa Italia, mizabibu mingi iliyoitwa Cabernet Franc ilikuja kugundulika ni Carmenère, na China vilevile, zabibu waliyoizoea kwa jina la Cabernet Gernischt. Chile yenyewe ilikuwa na kosa la pili kwenye zabibu nyeupe: sehemu kubwa ya iliyouzwa kama Sauvignon Blanc ilikuwa Sauvignonasse, aina nyingine kabisa, ambayo Waitalia huiita Friulano.

Halafu kuna País, ambayo naipenda kuliko zote kwa historia yake. Hii ililetwa na Wahispania katika karne ya 16, mapadri wakihitaji mvinyo wa misa. Kwa miaka 300 ndiyo iliyotawala Chile, kisha mizabibu ya Kifaransa ilipoingia ikadharauliwa, ikaachiwa wakulima wadogo wa Maule na Itata huko kusini, wanaoilima bila kumwagilia, kwa mvua tu, kwenye vichaka vya mizabibu mikongwe isiyofungwa waya. Hutengeneza nayo pipeño, mvinyo mwepesi wa kienyeji unaonywewa sana kwenye sherehe za taifa za Septemba. Asili yake haikujulikana hadi karne hii ya 21, vinasaba vilipoonyesha kwamba ni Listán Prieto, zabibu ya Castilla ambayo Hispania bara imekaribia kutoweka. California iliitwa Mission, Argentina Criolla Chica. Sasa vijana watengeneza mvinyo wanakwenda Itata kuitafuta kwa wazee ambao hawakuwahi kuing'oa.

Na jina Carmenère? Linatokana na neno la Kifaransa la rangi nyekundu iliyokolea, carmin. Mavuno yanapokwisha na vuli kuingia, majani ya mzabibu huu hugeuka mekundu kama damu. Kila mwaka, kwa zaidi ya miaka 100, mistari ile ya "Merlot" ya Maipo na Peumo ilikuwa ikiwaka wekundu huo hapa na pale, mzabibu mmoja mmoja, mbele ya kila mpita njia.